Akina Mama wa Diplomasia: Rekodi Tano

Mabalozi hawakimbii wala hawaruki juu, lakini rekodi wanazo. Hizi hapa tano za wanawake, kutoka ya tano kupanda hadi ya kwanza.

5. Aliyedumu kituo kimoja
Alexandra Kollontai aliiwakilisha Urusi ya Kisovieti Stockholm kuanzia 1930 hadi 1945. Miaka 15! Rais wa Tanzania, kwa mihula yake miwili, anaishia 10. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 72 na ameshapigwa na kiharusi, bado alikuwa akisaidia kuzipatanisha Moscow na Finland.

4. Viti vitatu, miaka mitatu
Amina Mohamed wa Kenya, Shirika la Biashara Duniani: 2003 aliongoza chombo cha kupitia sera za biashara, 2004 cha kusuluhisha migogoro, 2005 Baraza Kuu lenyewe, mwanamke wa kwanza kulikalia. Mwaka 2015 akawaleta mawaziri wa biashara wa dunia KICC, Nairobi, na yeye ndiye aliyeshika kiti.

3. Aliyepanda kwa kasi
Mwaka 2000 ulipoanza, Asha-Rose Migiro alikuwa akifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwisho wa mwaka huo akaingia bungeni, kisha wizara ya kwanza, kisha Mambo ya Nje, na Februari 2007 akaanza kazi New York kama Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2001 alikuwa bado hajamaliza la saba.

2. Pengo refu
Rekodi hii si ya kujivunia, lakini takwimu ni takwimu. Vijaya Lakshmi Pandit wa India aliongoza Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1953, Angie Brooks wa Liberia akafuata 1969. Wa tatu, Haya Rashed Al Khalifa wa Bahrain, alipatikana 2006. Pengo la miaka 37: Brooks alipokalia kiti Tanzania ilikuwa na Nyerere, alipopatikana mrithi mwanamke ilikuwa na Kikwete. Hadi kikao cha 80, mwaka 2025, wanawake walikuwa watano tu, na Mwafrika ni Brooks peke yake.

1. Umati mkubwa
Hapa hakuna ubishi. Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, alitoka kwenye ubalozi wa Tanzania nchini India akakabidhiwa Ukatibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing, Septemba 1995. Mkutano rasmi ulipokea watu wapatao 17,000. Jukwaa la asasi za kiraia lilipelekwa Huairou, kama kilomita 50 kutoka mjini, na huko watu 30,000 hivi walikanyaga matope ya mvua wakitoka hema moja kwenda jingine. Wajumlishe, uwapeleke Uwanja wa Benjamin Mkapa: wanajaza zaidi ya robo tatu ya viti 60,000. Kisha nchi 189 zikapitisha Azimio la Beijing.

Mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, lakini watu wanaendelea kumwita Mama Beijing. Rekodi yake haijavunjwa, na haina wa kuivunja: Umoja wa Mataifa haujaitisha mkutano mwingine wa dunia wa wanawake tangu ule.