Neno "Tuta": Shambani, Barabarani na Uwanjani

Katika ukurasa huu tungependa kulifafanua neno moja ambalo huwasumbua wanafunzi wetu hapa Kigali kila wanapopewa zoezi la tafsiri, nalo ni tuta (wingi: matuta). Ni neno fupi, la ngeli ya LI-YA, na kila anayejifunza Kiswahili hudhani amelielewa siku ya kwanza. Taabu huanza anapokutana nalo mara ya pili mahali pengine.

Maana ya msingi ni ya shambani. Tuta ni udongo uliolimwa na kuinuliwa kwa urefu ili kupandia viazi vitamu, mihogo au mboga. Mnyarwanda ataliona mara moja kuwa ni umutabo. Twasema kulima matuta, na pia kupiga matuta. Umbo la neno hili ni la Kibantu, na Kiswahili kina pia kitenzi tutuka, yaani kuvimba au kuinuka kama uvimbe. Sisi twaona kwamba wazo linaloyaunganisha maneno haya mawili ni moja: kitu kilichoinuka juu ya usawa wa mahali pake. Anayelishika wazo hilo hatashangazwa na maana zinazofuata.

Kutoka shambani neno limepanda mlimani, na hapa ndipo tafsiri inapohitaji uangalifu mkubwa. Kinyarwanda hutenganisha mambo mawili. Kuna amaterasi, neno lililotokana na Kifaransa, yaani mlima uliokatwa ngazi kwa ngazi. Na kuna imirwanyasuri, yaani mitaro na kingo za kupambana na mmomonyoko (kurwanya ni kupigana, isuri ni mmomonyoko). Mwanafunzi huyaandika yote mawili "matuta", akaridhika. Lakini mkulima akiambiwa "lima matuta" tu, atainua udongo wa kupandia viazi, na akiyaelekeza matuta hayo kutoka juu kwenda bondeni, mvua ya kwanza itapita katikati yake kama mferejini na kuuchukua udongo wote. Katika nchi ya milima kama yetu, ambako mafuriko na maporomoko ya Mei 2023 yaliua watu zaidi ya 130, hilo si kosa la sarufi tu. Kwa hiyo twashauri amaterasi yaitwe matuta ya ngazi, na imirwanyasuri iitwe makinga maji, jina ambalo maafisa kilimo wa Tanzania wanalitumia.

Neno hili lina historia ya uchungu pia. Katika milima ya Uluguru, karibu na Morogoro, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 mpango wa kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi ilifunua udongo wa chini usio na rutuba, hata mavuno yakawa haba. Mwaka 1955 wananchi waligoma, ghasia zikatokea, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Mwalimu atakayesomesha habari za kudai uhuru wa Tanganyika asistaajabu kulikuta neno tuta katikati ya siasa.

Huko Kenya, hususan Machakos, jambo lilikwenda kwa namna nyingine. Wakulima huchimba mtaro kwa kukinga mteremko na kuutupa udongo upande wa juu. Tuta hilo huzuia maji, na baada ya miaka shamba hujisawazisha lenyewe kuwa ngazi. Njia hiyo huitwa fanya juu, na udongo ukitupwa upande wa chini, fanya chini. Majina hayo yameingia katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo vilevile yalivyo, bila kutafsiriwa. Wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kutoa istilahi za sayansi tungewaomba walitazame hilo.

Tukishuka barabarani, tuta ni kile kinuko kinachowekwa ili magari yapunguze mwendo. Anayevuka Rusumo kuelekea Dar es Salaam atayahesabu mengi, na ataona vibao vya kumwonya. Mwanafunzi mmoja alituuliza kama "tuta" la kibaoni ni kitenzi kilichokatwa, kwa vile alikuwa amezoea tutaenda na tutasoma! Hapa Kigali kinuko hicho twakiita dodani, kutokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya mgongo wa punda. Wafaransa walimwona punda, Waswahili wakaona shamba la viazi.

Aidha, wahandisi hulitumia neno hili kwa udongo unaoinuliwa na kushindiliwa kabla ya kulaza reli. Katika taarifa za ujenzi wa reli ya kisasa ya Tanzania, "tuta la reli" ni msemo wa kawaida. Hali kadhalika, udongo unaoinuliwa kando ya mto kama Sebeya, kule Rubavu, waweza kuitwa tuta la kuzuia mafuriko. Tusiuite bwawa, kwa maana bwawa ni maji yaliyokusanyika pamoja na kizuizi chake, wala ukingo peke yake, kwa maana ukingo mto huwa nao hata kabla ya mtu kushika jembe.

Imebaki maana ya uwanjani. Watangazaji wa mpira wa Tanzania husema timu "imetolewa kwa matuta", wakimaanisha mikwaju ya penalti. Maana hii ni ya mitaani zaidi, na katika insha ya mtihani tungependa mwanafunzi aandike penalti. Lakini asipoijua, atasikiliza redio ya Dar es Salaam hadi mwisho wa mchezo asijue ni nani aliyeshinda.