Kijana, jua viungo vyako kabla havijakugomea

KILA Jumapili jioni kwenye viwanja vya mtaa, hadithi ni ile ile. Jamaa anakimbia na mpira, anageuka ghafla, anasikia "tap!" ndani ya goti, chini. Wenzake wanamzunguka na kila mmoja anakuwa daktari. Huyu anataka mguu uvutwe, yule anaitisha maji moto, mwingine anasema, "Amka bana, umeteguka tu."

Hilo neno "kuteguka" ndilo linatuponza. Mtaani linabeba kila kitu: kano iliyovutika, kano iliyokatika, hata mfupa uliotoka mahali pake. Ilhali viungo havifanani, na usipojua goti lako limeundwa vipi, utalitibu kama kidole.

Mimi si daktari, na chuo chenyewe nilikiachia njiani. Lakini elimu hii unaweza kuianzia kwenye sahani, ukiwa na mguu wa kuku.

Kiungo ni mahali mfupa unapokutana na mfupa mwenzake. Mtu mzima ana mifupa 206, na inaungana kwa njia tatu kuu.

Ya kwanza ni kama kushonwa. Mifupa ya fuvu imeshikana kwa nyuzi ngumu, kama kitambaa kilichopigwa cherehani, na haisongi. Mtoto mchanga mshono wake bado haujafunga, ndiyo maana utosi wake ni laini na unadunda. Hata jino lako liko kundi hili: limefungwa ndani ya taya kwa nyuzi fupi.

Ya pili ni ya gegedu, kile kitu cheupe, kigumu lakini chenye kunyumbuka, unachotafuna kwenye ncha ya mfupa. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani 23 vya aina hii vya kupunguza mshtuko. Mchana kutwa uzito wako unavibana, na ndiyo sababu jioni unakuwa mfupi kwa takriban sentimita moja kuliko asubuhi. Wewe wa mjengo unayebeba saruji ya kilo 50, jua kwamba hivyo visahani vinabeba pamoja nawe.

Ya tatu ndiyo inayotupa mwendo: viungo vya ute. Tenganisha paja la kuku na mguu wake. Utaona ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu inayong'aa. Kwa kiungo kizima, mfuko hukizunguka chote, na ndani yake mna ute unaofanya kazi kama oili ya injini. Kisha kuna kano zinazofunga mfupa kwa mfupa.

Viungo hivi vya ute viko vya namna sita. Bega na nyonga ni tufe ndani ya kikombe, vinazunguka kila upande. Kiwiko ni bawaba ya mlango. Shingoni, pingili ya kwanza inazunguka kwenye kijiti cha pingili ya pili, ndipo unaweza kutikisa kichwa kusema "la". Kidole gumba kimekaa kama mtu kwenye tandiko la farasi, na bila hicho usingeandika meseji kwa mkono mmoja. Kifundo cha mkono kinaenda mbele, nyuma na kando. Vifupa vidogo vya wayo navyo vinateleza kidogo tu.

Sasa shika jambo moja: kiungo kikipewa uhuru mwingi, kinapungukiwa na uimara. Kikombe cha bega ni kifupi kama kisahani cha chai, kwa hivyo bega ndilo hutoka mahali pake mara nyingi kuliko kiungo kingine kikubwa. Makanga anayening'inia mlangoni kwa mkono mmoja anacheza na hicho kisahani. Nyonga kikombe chake ni kirefu, na ikitoka mara nyingi ni kwa ajali kubwa.

Goti nalo ni bawaba yenye matatizo. Mfupa wa paja ni wa mviringo, na umekalia mfupa wa muundi ulio karibu bapa. Unaoushikilia ni misuli, vipande viwili vya gegedu na kano nne kuu. Njumu zikikwama ardhini huku mwili ukigeuka, kano ya ndani inayoitwa ACL inaweza kukatika. Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia kano hiyo dhidi ya Everton mnamo Oktoba 17, 2020, na hakuichezea tena klabu yake msimu huo. Huyo ana madaktari wa kila aina. Wewe unataka kurudi uwanjani Jumapili ijayo kwa sababu umekandwa?

Halafu kuna hii. Gegedu haina mishipa ya damu, kwa hivyo haiponi kama ngozi. Haina mishipa ya fahamu pia, kwa hivyo inaweza kulika kimya kimya kabla hujahisi kitu. Chakula chake hutoka kwenye ute, na ute husukumwa na mwendo. Kukaa kitini siku nzima si kutunza magoti. Tembea, na uyape misuli ya paja mazoezi, maana ndiyo inayolipunguzia goti mzigo.

Na ile ya kulia vidole? Daktari Mmarekani Donald Unger alivunja vidole vya mkono wa kushoto pekee kwa zaidi ya miaka 60. Hakupata ugonjwa wa baridi yabisi kwenye mkono wowote. Relax.

Ukiumia, goti likavimba ndani ya saa chache, huenda damu imeingia ndani. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, si maji moto. Inua mguu, pumzika, na mtu asikukande. Bega likitoka, usikubali mwenzako alivute, kwani mishipa ya damu na ya fahamu inapita hapo karibu. Nenda hospitali ukishindwa kukanyaga, kiungo kikibadilika umbo, kikifa ganzi, au goti likikukatia njiani. Na kiungo kikiwa cha moto, kimevimba na una homa, enda siku hiyo hiyo.

Wengi wetu hatuna ofisi. Tunakula kwa boda, mjengo, saluni, mkokoteni. Pikipiki ikiharibika, spea iko Kirinyaga Road. Goti la bandia pia lipo, lakini ni upasuaji mkubwa na bei yake si ya mtu wa kibarua. Hili ulilonalo likianza kulalamika, lipeleke kwa daktari mapema.