Nguvu ya pigo inatoka chini

Ndugu mfanyakazi, kule Lubumbashi kuna mtaa mzima unaoitwa Golf. Unajua mchezo wenyewe: mtu anapiga mpira mdogo kwa fimbo ndefu, mpira unaruka mbali, naye anaufuata kwa miguu. Labda utasema: huo si mchezo wangu, mimi ninapiga nyundo. Vema, lakini ngoja kidogo. Pigo la fimbo ile na pigo la nyundo yako ni ndugu, na mgongo unaoumia ni ule ule.

Umtazame mchezaji anayejua kazi yake. Fimbo inapanda polepole hadi nyuma ya bega, kisha inashuka mbio. Kushuka kunachukua kama robo ya sekunde tu. Watu wengi wanafikiri mikono ndiyo inayovuta fimbo chini. Hapana. Mikono inakuja karibu na mwisho.

Kinachoanza ni mguu. Kwa mtu anayetumia mkono wa kuume, fimbo haijamaliza kupanda na tayari uzito wa mwili unarudi kwenye mguu wa kushoto, ule ulio upande mpira utakakokwenda. Magoti yanakunjika kidogo, sawa na mtu anayetaka kukaa kwenye kiti. Kisha kiuno kinageuka, kinafuatwa na kifua, halafu mikono, na fimbo mwisho wa yote. Kila sehemu inapopunguza mwendo, inaipa ile inayofuata mbio zake. Ni kama mjeledi: mkono wa mchungaji unakwenda pole, lakini ncha ya kamba inalia. Ben Hogan, bingwa wa Marekani, aliandika mwaka wa 1957 kwamba kiuno ndicho kinachoanzisha kushuka kwa fimbo. Siku hizi wataalamu wanamsimamisha mchezaji juu ya mabamba yanayopima jinsi nyayo zinavyokandamiza chini, nao wanaona miguu inafanya kazi hata kabla kiuno hakijageuka.

Kwa nini udongo? Mwingereza Newton alieleza jambo hili mwaka wa 1687: ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa nguvu ile ile. Ujaribu nyumbani. Ukae juu ya meza, miguu ikining'inia, utupe jiwe. Kisha usimame chini, ulitupe tena. Mkono ni ule ule, lakini jiwe la pili linakwenda mbali zaidi kwa sababu sasa miguu yako ina kitu cha kusukuma. Mchezaji wa golfu anafanya hivyo kwa akili. Mguu wa kushoto unasukuma udongo kuelekea vidoleni, wa kuume unausukuma kuelekea kisiginoni, na kiuno kinageuka kama usukani wa lori. Mbele kidogo ya kugonga mpira, goti la kushoto linanyooka kwa nguvu. Hapo mtu wa kilo 80 anaweza kukandamiza udongo kwa zaidi ya kilo 80. Na mpira wenyewe hauzidi gramu 46!

Sasa tuje kwa mgongo. Sehemu ya chini ya mgongo ina mifupa mitano, na kila mmoja unaweza kugeuka digri chache tu. Haikuumbwa kwa kuzunguka. Viungo vya nyonga ndivyo vilivyoumbwa kwa kazi hiyo. Mtu akikaza miguu kama nguzo na kuzungusha kifua peke yake, anaidai mifupa ile mitano kitu isichokuwa nacho. Ndiyo maana maumivu ya mgongo ni ya kawaida sana kwa wachezaji wa golfu, hata kwa mabingwa. Tiger Woods alifanyiwa operesheni kadhaa. Katika ile ya mwaka wa 2017 madaktari waliunganisha mifupa miwili ya mgongo wake. Alirudi, akashinda mashindano ya Masters mwaka wa 2019. Lakini yeye alikuwa na muda wa kupumzika. Wewe kesho asubuhi una kazi.

Basi, mbele ya kuinua nyundo kubwa, uangalie kwanza pahali unaposimama. Uondoe mawe madogo na matope. Mguu ukiteleza katikati ya pigo, mgongo ndio unaojaribu kukushika, na hapo ndipo mtu anaposikia kitu kimekatika kiunoni. Utanue miguu. Nyundo ikishuka, magoti nayo yakunjike, kiuno kishuke pamoja nayo; usiiname kwa mgongo na magoti yamenyooka. Mwenzako anayeshika patasi aishike kwa koleo ndefu, si kwa mkono, tena asikae kwenye njia ya nyundo.

Bibi yako anajua jambo hili kuliko wewe. Umtazame anapotwanga: magoti yake yanacheza pamoja na mchi, hapigi kwa mikono mitupu. Kijana wako anayepasua kuni, umwoneshe yeye pia, maana vijana wanapenda kuonesha mikono.

Mgongo ukiuma siku mbili tatu baada ya kazi nzito, mara nyingi unapona wenyewe ukiendelea kutembea polepole. Lakini maumivu yakishuka mguuni, mguu ukifa ganzi au ukikosa nguvu, nenda dispanseri siku hiyo hiyo. Na kama unashindwa kuzuia mkojo, au huwezi kukojoa, usingoje hata saa moja: upelekwe hospitali.