Mtu wa Upanga Aliyejifunza Kujikagua

Kila askari ajua maana ya kukaguliwa. Bunduki hukaguliwa, viatu hukaguliwa, na kitabu cha matukio kituoni hupitiwa na mkubwa wa zamu. Lakini hasira aliyotoka nayo mtu doriani, au raha aliyoiona alipomtweza raia asiye na mtetezi, haina mkaguzi ila mwenyewe, naye aghalabu hana nafasi. Miongoni mwa Wakristo, mmoja aliyeupa ukaguzi huo utaratibu unaofuatwa na wengi hadi leo alikuwa mtu wa upanga.

Iñigo wa Loyola, aliyeitwa baadaye Ignasi, alizaliwa mwaka 1491 katika nchi ya Wabaski, kaskazini ya Hispania. Alikuwa mwungwana mpenda mavazi na sifa, mwepesi wa kuchomoa upanga. Tarehe 20 Mei 1521, Wafaransa walipoizingira ngome ya Pamplona, wenzake walitaka kusalimu amri. Yeye akawashawishi wapigane. Kombora la mzinga likamvunja mguu mmoja na kuujeruhi wa pili. Ngome ikaanguka. Adui wakamtibu vizuri, kisha wakamrudisha kwao akichukuliwa kwa machela.

Mfupa uliungwa vibaya, ikabidi uvunjwe upya. Ulipopona, kipande kikabaki kimechomoza chini ya goti; naye, kwa kuwa hakustahimili kuonekana kilema katika viatu vya kiungwana, akaamuru kikatwe, bila dawa ya ganzi. Ushupavu huo ni wa kustaajabisha, lakini tusisahau kwamba ulikuwa kwa ajili ya viatu.

Sasa alilazimika kulala. Aliomba hadithi za mashujaa, zikakosekana. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu. Hapo ndipo jambo lilipoanza, wala halikuanza kwa sauti kutoka mbinguni. Alikuwa akiwaza hata saa tatu au nne mfululizo juu ya bibi mmoja wa cheo, na maneno atakayomwambia. Mara nyingine aliwaza kuishi kama Fransisko na Dominiko. Mawazo yote hayo yalikuwa matamu yalipokuwapo. Tofauti ilikuja baadaye: yale ya kwanza yalimwacha mkavu, haya ya pili yalimwacha na furaha iliyodumu. Kama angalikuwa mzima, juu ya farasi, huenda asingaligundua hilo kamwe. Lilihitaji mtu aliyetulia, mwenye nafasi ya kujiuliza: wazo hili limeniacha wapi?

Hata hivyo roho ilichelewa kupona kuliko mguu. Mwaka 1522, akielekea Montserrat, alibishana na Mwislamu mmoja wa nchi hiyo juu ya Bikira Maria. Mwenzake alipotangulia, Iñigo akaanza kuona kwamba heshima imevunjwa, akataka kumfuata amchome jambia. Aliposhindwa kuamua, akamlegezea nyumbu wake hatamu kwenye njia panda: akishika njia ya kijijini, atamchoma. Nyumbu akashika njia nyingine. Basi uhai wa mtu uliokolewa na mnyama, kwa kuwa mwenye silaha alikuwa hajajua bado kusimama na kuyatazama mawazo yake.

Huko Montserrat aliuacha upanga wake, kisha akakaa Manresa miezi kadhaa akisali na kuandika. Maandiko hayo yakakua yakawa kitabu cha Mazoezi ya Kiroho, kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Humo mna uchunguzi wa dhamiri: kwanza kumshukuru Mungu, kisha kuomba mwanga wa kujijua, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, na kuazimia kujirekebisha. Yafaa ikumbukwe kwamba shukrani hutangulia mashtaka.

Mna pia uchunguzi wa kosa moja tu, tuseme ulimi mkali. Mtu huazimia asubuhi kujilinda nalo. Adhuhuri na usiku huhesabu ni mara ngapi ameanguka, akatia nukta kwenye mistari ya karatasi, miwili kwa kila siku ya juma, ili alinganishe siku na siku, juma na juma. Na papo hapo aangukapo, huweka mkono kifuani kwa majuto, jambo liwezekanalo hata mbele za watu bila wao kutambua. Gwarideni halitawezekana, lakini kwenye lindo la usiku, au nyuma ya meza ya kituo raia akiwa bado anasubiri kusikilizwa, lawezekana.