Rasta nyeupe, sufuria nyeusi

Anayeingia dukani kununua rasta hahitaji kujua jina la rangi. Anataja namba. Namba 1 ni nyeusi tii. 1B ni nyeusi iliyopoa kidogo, ile inayofanana na nywele za watu wengi wa huku. 4 ni kahawia, 27 ni ya asali, 30 inaelekea kwenye shaba, 33 ni kahawia yenye wekundu ndani yake, na 613 ni njano iliyopauka, karibu na nyeupe, ambayo huonekana zaidi kwenye picha za wasanii kuliko kwenye vichwa vya Ngara. Kuna pia ile inayoandikwa BUG au 99J kwenye pakiti, lakini Mtanzania hana shida na herufi hizo: ni damu ya mzee, basi.

Ntobeye ni kata ya Wilaya ya Ngara, katika pembe ya Kagera inayopakana na Burundi na Rwanda. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa barabara. Mwenye duka wa kijijini hanunui pakiti za kupamba rafu. Anabeba kinachoondoka: 1, 1B, labda 33, na Krismasi ikikaribia anajaribu bahati na pakiti chache za rangi. Kwa upande wa pili yuko msichana aliyefunga shule Desemba. Mwaka mzima nywele zake zimekuwa fupi kwa amri ya shule, na sasa ana wiki chache za kujiachia. Akitaka zambarau na dukani hakuna zambarau, amwagize mtu anayekwenda mjini, au abandike sufuria jikoni.

Wengi wanaobandika sufuria huanza na kosa lilelile: hununua rangi ya nywele. Rangi hiyo imetengenezwa kwa ajili ya nywele zilizoota kichwani. Amonia hufungua magamba ya unywele, dawa ya pili hufifisha rangi ya asili, kisha chembe za rangi mpya hupenya, huungana humo ndani na kunasa. Rasta haina magamba ya kufunguka wala rangi ya asili ya kufifia. Hata piko, inayofuta mvi kabla chai haijapoa, haina cha kushika kwenye 613. Msusi akiosha, sehemu kubwa inakwenda na povu. Na anayetaka kuigeuza namba 1 iwe njano kwa blichi anapoteza blichi. Weusi wa rasta kwa kawaida huchanganywa na plastiki ikiwa bado uji, kabla haijavutwa kuwa nyuzi, kwa hiyo umo ndani ya rasta kama weusi wa ndoo ulivyo ndani ya ndoo.

Rasta, kwa kweli, ni ndugu wa ndoo na wa sweta zaidi kuliko wa nywele. Jina kubwa kwenye pakiti ni Kanekalon, nyuzi za kampuni ya Kaneka ya Japani zilizoingia sokoni mwaka 1957. Ni jamii ya akriliki, ile inayofumiwa masweta ya watoto, ila imechanganywa na kemikali yenye klorini ili isishike moto ovyo. Si kila rasta ni Kanekalon. Nyingine ni poliesta, nyingine ni PVC iliyovutwa ikawa nyembamba, nyingine ni polipropilini, plastiki ya magunia ya unga. Zikiwa zimening'inia dukani zote zinang'aa sawasawa. Kwenye rangi kila moja ina tabia yake.

Hapa ndipo wasusi wa Ntobeye wana la kumwambia fundi wa saluni, maana Kiswahili kinawaita wote wasusi. Wanawake wa Ngara wanajulikana kwa vikapu vya mviringo vinavyofanana na vya majirani zao wa ng'ambo ya mpaka, na tangu mwaka 2007 kampuni ya kijamii ya WomenCraft imekuwa ikifanya kazi na wasusi wa eneo hili la mipaka mitatu ili vikapu vyao vipate soko la nje. Msusi wa vikapu anajua kitu ambacho msusi wa kichwa hujifunza kwa hasara: rangi haifuati jicho la mtu, inafuata uzi wenyewe. Nyasi hunywa rangi. Utomvu wa mgomba ukidondokea shati la pamba, shati hilo litakwenda nao mpaka liwe dekio. Utomvu huohuo kwenye jagi la plastiki unafutika. Anayefumua nyuzi za gunia la plastiki kwa ajili ya kikapu hasumbuki kuzichemsha na rangi. Anachagua gunia, kwa sababu polipropilini ikishavutwa kuwa uzi haipokei rangi ya sufuria hata ikikaa humo mpaka asubuhi.

Kabla ya kununua rangi, basi, inafaa kujua umeshika nini. Pakiti ikiwa haisemi, kiberiti kitasema. Nyuzi chache, si zaidi ya unene wa utambi, hubanwa kwa kibanio na kushikishwa moto nje ya nyumba, mbali na uso, kwa sababu moshi wa plastiki hizi si wa kunusa. Kanekalon hujikunja, huwa nyeusi na kukakamaa, na ukiondoa njiti moto unakata. PVC nayo hujizima. Poliesta huyeyuka na kudondosha. Polipropilini huendelea kuwaka taratibu na kuacha harufu ya mshumaa uliopulizwa. Ukiipata hiyo, rudisha kiberiti mfukoni na usuke kwa rangi iliyokuja nayo.

Kwa zile zinazokubali, ipo rangi ya kitambaa inayofaa, lakini si ya batiki. Rangi ya batiki ni ya pamba. Kwenye rasta inateleza. Inayohitajika ni ile iliyoandikwa kwamba ni ya poliesta, nailoni au akriliki, kama DyeMore ya kampuni ya Rit ya Marekani. Jamii hii ya rangi ilibuniwa Uingereza miaka ya 1920 kwa ajili ya hariri bandia iliyokuwa ikikataa kila kitu. Haiyeyuki sawasawa majini. Huelea kama vumbi laini sana, na joto linapoilegeza plastiki, vumbi hilo hupenya. Plastiki ikipoa, mlango unafungwa.

Joto ndilo mtihani wote. Likipungua, rangi inakaa juu juu. Likizidi, rasta inajikunja kama mkia wa nguruwe na hakuna chanuo la kuinyoosha. Milima ya Ngara ina msaada wake kidogo: kwenye kimo cha mita 1,500 hivi maji hutokota yakiwa kwenye nyuzi joto kama 95, si 100. Bado ni moto mkali mno kwa baadhi ya nyuzi za rasta. Kinachotafutwa ni maji yanayofuka mvuke na kutoa vipovu vidogo pembeni mwa sufuria, kabla hayajaanza kubingirika.

Kazi yenyewe ni hivi. Pakiti haifunguliwi ovyo. Fungu linabaki na mpira wake katikati, na linafungwa tena kwa uzi mahali pawili au patatu bila kukazwa, ili lisivurugike. Linaloweshwa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, maana fungu kavu likitumbukizwa kwenye rangi linatoka na madoa kama ya chui. Rangi inakorogwa pembeni kwenye kikombe mpaka mabonge yaishe, ndipo inamiminwa sufuriani. Kisha fungu linazamishwa na kugeuzwa polepole kwa mwiko wa zamani, nusu saa hivi, huku kuni zikivutwa nyuma kila maji yanapotaka kuchemka. Anayetaka ncha tu ziwe na rangi hushikilia fungu kwa juu na kuchovya sehemu ya chini, akipandisha na kushusha mkono ili kusiwe na mstari uliokatika kama soksi. Mkono unachoka. Hiyo ndiyo sababu kazi hii hufanywa na watu wawili, na ndiyo sababu maongezi yake huwa marefu kuliko rangi.

Usuuzaji unadai maji, na maji ya vilimani yana mgongo wa mtu nyuma yake. Ndoo ya kwanza inatoka nyekundu, ya pili ya waridi, ya tatu bado ina kivuli. Anayekomea ya pili atajuta.

Wapo wanaokwepa moto kabisa. Huvunja maka peni isiyofutika, hutoa utambi wake wa wino, huuloweka kwenye spiriti ya duka la dawa ndani ya chupa ya kupulizia, na kupuliza rasta iliyotandazwa kwenye mfuko wa plastiki. Wanaopenda kujivika kama wahusika wa katuni, huko Japani na Marekani, wanapaka mawigi yao kwa njia hii. Inafanya kazi, na rangi hukauka haraka. Ila mvuke wa spiriti unatafuta moto. Kufanya hivyo karibu na jiko la mkaa au kibatari ni kujitafutia msiba, na rasta iliyolowa spiriti haipaswi kukutana na kiberiti cha kuchoma ncha mpaka ikauke kabisa.

Na kuna ile zambarau ya zahanati. GV, dawa ya kupaka vidonda, ni jamii ya rangi zinazoitwa za besi, na ukoo wake una hadithi. Mwaka 1856 William Perkin, kijana wa miaka 18 jijini London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Kwinini hakuipata. Chupani mlibaki tope lililotoa zambarau, na kutoka hapo ikazaliwa biashara ya rangi za kiwandani. Karibu karne moja baadaye akriliki ilipoingia sokoni na kugomea rangi nyingi, ni rangi za ukoo huu ndizo zilizoishika barabara, kwa kuwa chaji ya rangi na ya uzi zinavutana. Kwa hiyo GV kwenye Kanekalon ingeacha alama ya kweli. Hata hivyo, mwaka 2019 idara ya afya ya Kanada iliwaonya wananchi waache kutumia bidhaa zenye dawa hiyo kwa wasiwasi wa saratani, na kitu kinacholala juu ya ngozi ya kichwa wiki sita hakistahili kufanyiwa majaribio nacho.

Rasta yenyewe, kabla hata ya rangi, haiko safi kama inavyoonekana. Februari 2025 shirika la kutetea walaji la Marekani, Consumer Reports, lilitoa matokeo ya vipimo vya bidhaa 10 za rasta: zote 10 zilikutwa na kemikali zinazohusishwa na saratani, na 9 zilikuwa na madini ya risasi. Wasusi wengi wana mazoea ya kuloweka rasta kwenye maji yenye siki mpaka utando mweupe uelee juu, ili kupunguza mwasho. Siki inaondoa utando. Haiondoi kilicho ndani ya plastiki. Kwa anayechemsha, jambo la busara ni kuchemshia nje, na sufuria ile isirudi kwenye maharage.

Bei nayo inachangia watu kujitengenezea. Katika bajeti ya 2019/20, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Philip Mpango, alileta ushuru wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazoagizwa nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Wakati huo mitandaoni kulikuwa na vicheko na vilio kwa kiasi sawa. Kwa mnunuzi wa kijijini maana yake ni kwamba pakiti iliyoharibika sufuriani si ya kutupwa kwa mzaha.

Ajabu ni kwamba wakati plastiki kutoka mbali inatafutiwa rangi Ntobeye, migomba imeizunguka nyumba. Kampuni ya Rebundle ya mjini St. Louis, Marekani, iliyoanzishwa na Ciara Imani May, inauza rasta za nyuzi za mgomba. Nyuzi za namna hiyo zina asili ya mmea, na rangi ya pamba, ile ya batiki iliyoshindwa kwenye Kanekalon, ingezishika bila ubishi. Msusi wa vikapu asingehitaji kuelezwa.

Kwa sasa kinachosukwa ni plastiki, na hukumu ya mwisho ya rangi hutolewa mteja akiwa tayari kusimama. Mistari imeisha, ncha zimesawazishwa kwa wembe. Msusi anachukua jagi la maji ya moto na kuzichovya rasta fungu baada ya fungu, ili zilale na zisifumuke. Mteja hawezi kugeuka, kwa hiyo msusi peke yake ndiye anayeona ndani ya jagi. Maji yakibaki meupe anaomba kioo. Yakianza kuwa ya waridi, anamwambia mdogo wake, kwa sauti ya chini, alete lile taulo jeusi.