Noeli 2020: Matembezi Salama ya Familia Karibu na Nyumbani

Familia nyingi za Nairobi zinaikaribia Sikukuu ya Noeli zikiwa na swali zito: je, twende mashambani kuwaona wazee, au tubaki? Miaka mingine swali hili halikuwapo. Lakini mtu aliyeambukizwa virusi vya Corona aweza kuonekana mzima kabisa, dalili zikichukua hata siku 14 kujitokeza, na huku tayari anawaambukiza wengine. Mjukuu aweza kumpelekea nyanya yake, pamoja na zawadi, ugonjwa ambao mwili wa mzee hauwezi kuuhimili.

Kwa familia zitakazoamua kubaki, tunapenda kuonesha kwamba kubaki si kujifungia. Mwinjili Marko anatusimulia jinsi Yesu alivyowaita mitume, waliokuwa hawana hata nafasi ya kula, waende naye faraghani wapumzike kidogo (rej. Mk 6:31). Watoto ambao shule zao zilifungwa tangu mwezi Machi 2020, na wazazi waliobeba mzigo wa kupungukiwa na kipato, wanahitaji pumziko hilo.

Virusi hivi husafiri katika matone na chembechembe ndogo tunazotoa tunapozungumza, kuimba au kukohoa. Katika chumba kilichofungwa, chembechembe hizo huelea na kurundikana. Nje, upepo huzitawanya upesi. Ndiyo maana kukaa chini ya mti ni salama kuliko kukaa sebuleni. Hata hivyo, ni salama zaidi tu, wala si kinga kamili.

Tukichunguza kwa makini, tunaona kwamba hatari kubwa ya matembezi mara nyingi haiko msituni wala uwanjani, bali njiani, langoni na penye chakula. Kwanza, safari. Mwaka 2020 matatu ya abiria 14 ilitakiwa kubeba 8 tu. Ikijazwa kupita kiasi, heri kusubiri nyingine. Madirisha yafunguliwe, hata kukiwa na baridi ya asubuhi. Mahali panapofikika kwa miguu panapita pote kwa usalama, na nauli inabaki mfukoni.

Pili, msongamano. Msitu wa Karura, ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake waliutetea dhidi ya wanyakuzi wa ardhi, una njia ndefu za kutosha watu kuachana nafasi. Lakini mlango wake waweza kujaa siku ya sikukuu. Vivyo hivyo bustani ya miti ya Arboretum. Tuchague siku ya kawaida, tufike asubuhi mapema, na tukikuta umati tuwe na mahali pengine tulipopanga. Uwanja wa parokia au wa shule jirani, kwa ruhusa ya wahusika, waweza kufaa vilevile.

Tatu, chakula. Hapa ndipo barakoa huvuliwa, watu husogeleana, na mikono hukutana katika sinia moja. Kila familia ile chakula chake, katika vyombo vyake, na kubeba maji na sabuni za kunawia. Wanajumuiya wa Jumuiya Ndogondogo wakikutana, kila nyumba ikae mkeka wake, umbali wa mita moja na nusu au zaidi. Tukumbuke pia kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga zinazohifadhiwa. Chupa ya kujazwa tena ndiyo ya kubeba. Kuacha mahali pakiwa safi ni sehemu ya malezi ya watoto wetu.

Mwenye homa, kikohozi au aliyepoteza uwezo wa kunusa abaki nyumbani, na walio naye nyumba moja wabaki pia, hata kama maandalizi yamekamilika. Uamuzi huu huumiza watoto. Basi waelezwe mapema, ili wasidhani wameadhibiwa. Na wote wapange kurejea mapema; Desemba 2020 kafyu ilianza saa nne usiku.

Wazee walioko mbali wasiachwe na ukimya. Wapigiwe simu siku yenyewe, kila mtoto azungumze nao, na sehemu ya fedha za nauli iliyookolewa itumwe kwao. Mzee anayeishi jirani aweza kutembelewa uani, nje ya nyumba, kwa muda mfupi, barakoa zikiwa usoni.

Jumapili tarehe 27 Desemba 2020 ilikuwa Sikukuu ya Familia Takatifu. Yosefu alimpenda Mtoto kwa kumlinda, hata ilipombidi kuibadili safari yake kwa sababu ya hatari (rej. Mt 2:22). Nasi tunapoahirisha safari ya mwaka huu, tunawalinda wale tunaotamani kuwakuta wazima mwaka ujao.