Picha ya Ardhi ni Shahidi

Na Bwana Shamba, Mkoa wa Songwe

Watu wengi hupiga picha siku ya harusi, siku ya ubatizo, au mtoto anapomaliza shule. Ni jambo jema. Lakini ni wachache wanaopiga picha ya kilima chao, ya kijito chao, au ya shamba lao. Husema, "Kilima kipo kila siku. Nikipige picha ya nini?"

Ndugu msomaji, kilima kipo, lakini hakibaki vile vile. Miti hukatwa. Udongo huondoka. Kijito hukauka. Mambo haya huja polepole, na jicho linaloona kila siku haliyaoni. Picha huyakumbuka. Lakini picha nayo ina udhaifu wake. Mimi niliujua udhaifu huo kwa aibu.

KORONGO LA KIJIJINI

Miaka iliyopita nilitembelea kijiji kimoja nje ya mji wa Tunduma. Ulikuwa wakati wa mvua. Katika mteremko wa shamba la mahindi niliona mfereji mdogo uliochimbwa na maji. Mtoto angeweza kuuruka. Niliupiga picha. Picha ikasafishwa, nikaiweka katika bahasha, nikaisahau.

Niliporudi baada ya miaka mingi, mfereji ule ulikuwa korongo. Niliposimama ndani yake, ukingo ulinifika kifuani. Mahindi ya kandokando yalikuwa yameanguka pamoja na udongo.

Kijiji kikaitisha mkutano. Watu wakabishana. Wengine walisema korongo lilikuwapo tangu zamani. Wengine walimlaumu jirani mmoja anayelima upande wa juu. Maneno yakawa makali. Nikatoa ile picha, nikasema, "Tazameni, lilikuwa hivi."

Picha ikapita mkono kwa mkono. Mzee mmoja akauliza, "Bwana shamba, hii ni ya mwaka gani?"

Nikaigeuza. Nyuma palikuwa peupe. Sikuwa nimeandika hata neno moja. Niliona haya sana. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwahimiza wakulima waandike tarehe ya kupanda!

Ndipo bibi mmoja akaomba aione. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema:

"Kibanda hiki cha nyasi hapa pembeni ni jiko langu. Liliungua mwaka ule binti yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Mtoto mwenyewe ana miaka tisa sasa. Basi picha hii ilipigwa kabla ya hapo. Tena tazameni juu ya kilima. Miti ipo. Tuliikata baada ya jiko kuungua, tukachomea matofali."

"Matofali ya nani?" akauliza kijana mmoja.

"Yetu sote," bibi akajibu. "Hata nyumba yenu."

Mkutano ukanyamaza. Hakuna aliyemtaja tena yule jirani.

Picha ilionyesha miti. Bibi ndiye aliyetueleza miti hiyo ilikwenda wapi. Ilipoondoka, mvua ilikosa kizuizi. Maji yakashuka kwa nguvu, yakaufuata mfereji, yakauchimba. Kulima kwa kufuata mteremko nako kukayafungulia njia.

Siku hiyo tukakubaliana. Tulipima mteremko kwa kipimo cha miti mitatu na uzi wenye jiwe. Tukachimba makinga maji kukata mteremko. Tukapanda mabingobingo na majani ya gwatemala juu ya kingo. Kilimani tukapanda miche ya miti. Korongo halijazibika. Lakini kingo zake zimeota majani, na mvua zilizofuata hazikulipanua.

KIMONDO NAYO INA HADITHI

Chukua mfano mwingine wa hapa kwetu Songwe. Wengi wameona picha ya Kimondo cha Mbozi, kilichoko Ndolezi. Asiyejua habari zake huona jiwe kubwa jeusi tu. Anayejua huona mengi.

Si jiwe la kawaida. Ni chuma kilichoanguka kutoka angani. Sehemu kubwa yake, kama tisa katika kumi, ni chuma. Sehemu nyingine ni madini ya nikeli. Urefu wake ni kama meta 3. Uzito wake hukisiwa kuwa tani 16 hivi.

Mwaka 1930 mpima ardhi aitwaye W. H. Nott alikitangaza kwa watu wa nje. Wakati huo ilionekana sehemu ya juu tu. Nyingine ilikuwa imefukiwa. Baadaye udongo ulichimbwa pande zote. Ndiyo maana katika picha za leo kimondo kiko juu ya nguzo. Nguzo hiyo ni udongo ulioachwa chini yake, kisha ukaimarishwa kwa saruji. Nazo alama zilizo kwenye ncha yake ni za watu waliokata vipande kwa tamaa ya kumbukumbu.

Hata wataalamu hutumia picha hivyo. Kwa ramani na picha za miaka mbalimbali walijua jinsi barafu ya Kilimanjaro ilivyopungua. Mwaka 1912 ilifunika kilometa za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Bila tarehe, picha hizo zisingethibitisha kitu.

PIGA HIVI, ANDIKA HIVI

Siku hizi simu nyingi zina kamera. Huhitaji kwenda studio mjini. Fuata mambo haya:

1. Chagua mahali pa kusimama. Chomeka kigingi au weka jiwe. Kila mwaka simama hapo hapo, uelekee upande ule ule.

2. Piga mwezi ule ule. Picha ya masika na picha ya kiangazi hazilinganishwi.

3. Jua liwe nyuma yako. Asubuhi na jioni ni bora kuliko saa sita mchana.

4. Weka mtu au jembe ndani ya picha, ili ukubwa wa kitu ujulikane. Ukimpiga mtu, mwombe ruhusa kwanza.

5. Andika siku, mwezi, mwaka, mahali, na jina la mpigaji. Kama picha imo katika simu, andika katika daftari. Simu hupotea na huharibika.

6. Waulize wazee. Palikuwa na nini hapo zamani? Nani alilima? Maji yalipita wapi? Andika majibu yao chini ya picha.

Jambo la sita usiliache. Ukichelewa, atakayekuwa na majibu hatakuwapo.

Ndugu msomaji, umejifunza kusoma na kuandika. Itumie kalamu yako kwa ardhi yako. Ile picha yangu ya korongo sasa ina maneno nyuma. Niliyaandika siku ile ile mkutanoni, bibi akinitajia, nami nikiandika.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini picha ya bwana shamba haikutosha peke yake?
2. Ni nani aliyesababisha korongo kukua?
3. Katika kijiji chenu, ni mahali gani pafaa kupigwa picha mwaka huu? Kwa nini?
4. Ni mzee gani mtakayemwuliza habari za mahali hapo?